Maji Mazuri na Maji Mema



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari ya kitu kilichomo katika kila nyumba, asubuhi na jioni, wala hakuna awezaye kuishi siku nyingi bila ya hicho. Kitu hicho ni maji. Labda mtasema, "Habari ya maji twaijua tangu utoto." Ni kweli, mwaijua. Walakini tumeona ya kuwa watu wengi, hata walio hodari katika kazi za nyumba, huyapima maji kwa macho, na kwa ulimi, na kwa sabuni. Yakiwa maangavu, husema ni safi. Yakiwa matamu, husema ni mazuri. Yakitoa povu jingi, husema ni mema kabisa. Basi twataka kuwaonyesha ya kuwa mashahidi hawa watatu, yaani jicho na ulimi na sabuni, mara nyingine husema uwongo, na hasara ya uwongo wao huwapata watoto wadogo kuliko sisi wakubwa.

Tuwaze nyumba mbili. Ya kwanza iko Unguja. Mama wa nyumba ile akifua nguo, sabuni yaisha upesi, na povu halipandi ila baada ya kusugua sana. Birika lake lina ganda jeupe ndani, kama ukuta uliopakwa chokaa. Mgeni akija, mama huona haya kidogo kumfunulia birika lile. Nyumba ya pili iko katika miteremko ya Mlima Meru, upande wa Arusha. Maji yake yashuka kutoka mlimani, baridi na maangavu. Sabuni kidogo tu yatosha, nguo zang'aa, na birika halina ganda. Mama huyu wa pili akisikia habari za mwenzake wa pwani humhurumia.

Lakini kwa habari ya madini yaliyomo ndani ya maji, huenda yule wa kwanza ndiye mwenye heri, na yule wa pili ndiye wa kuhurumiwa. Sababu yake twataka kuieleza polepole, ili kila mtu aifahamu, na walimu wapate kuifundisha.

MAJI YALIYO MAGUMU

Mvua inapoanguka juu ya nchi karibu haina madini yo yote. Ikiingia ardhini hupita katika udongo na mawe, na kila jiwe huipa maji kitu chake. Mawe ya Unguja, na ya sehemu nyingi za pwani yetu, ni matumbawe, nayo ndiyo yachomwayo kupata chokaa ya kujengea. Basi maji yapitayo katika mawe hayo huyeyusha chokaa na kuichukua, wala hatuioni kwa macho, kama vile tusivyoiona chumvi iliyoyeyuka katika mchuzi.

Maji ya namna hii wataalamu huyaita maji magumu. Hupima miligramu za chokaa na madini ya jamaa yake katika lita moja ya maji. Yakiwa chini ya 60, ni laini. Kutoka 61 hata 120, yana ugumu wa kiasi. Kutoka 121 hata 180, ni magumu. Na yakizidi 180, ni magumu sana. Sabuni ikiingia katika maji magumu hushikamana kwanza na chokaa, ikafanya utando wa kijivu unaoelea juu. Chokaa ikiisha kushikwa, ndipo povu linapoanza. Ndiyo maana sabuni hupotea. Tena maji hayo yakichemshwa, sehemu ya chokaa huacha maji na kuganda ndani ya birika.

Je, chokaa hii yadhuru mwili? La, haidhuru. Madini yaliyomo ndiyo hayo hayo ambayo mwili huyatumia kujenga mifupa na meno. Hasara yake ni ya mfuko tu: sabuni nyingi, na kuni au mkaa zaidi, kwa kuwa ganda huzuia moto usifike upesi kwenye maji. Mama akitaka kulitoa ganda, na atie maji ya ndimu au siki ndani ya birika, aache kwa saa kadha wa kadha, kisha asugue na kusuuza vizuri. Akitaka kufua kwa sabuni kidogo, na atumie maji ya mvua. Au atie magadi kidogo katika maji ya kufulia, maana magadi huishusha chokaa chini. Lakini twasema magadi kwa kufulia tu. Habari ya magadi jikoni tutaieleza hapo mbele.

Tangu zamani za Sultani Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hata 1888, maji ya chemchemi yaliletwa kwa mabomba hata mjini Unguja, na watu wakapumzika na kazi ya kuteka visimani. Ugumu wa maji si neno la kumwogopesha mtu.

MAJI YA MLIMANI

Sasa na tupande bara hata Meru. Katika njia ya kutoka Arusha kwenda Moshi pana mahali paitwapo Maji ya Chai. Upande wa kaskazini wa mlima pana Ngarenanyuki, na jina hilo kwa lugha ya Kimasai maana yake ni maji mekundu. Twaona ya kuwa wazee wa zamani waliyatazama maji ya nchi ile wakayapa majina kwa rangi yake. Lakini kitu kinachodhuru katika maji hayo hakina rangi, wala harufu, wala ladha ya kumwonya mtu. Jina lake ni floraidi.

Mlima Meru ni mlima wa moto, yaani volkano. Ulitoa moto wake wa mwisho, nao mdogo, mwaka 1910. Majivu na mawe yaliyotoka ndani yake zamani za kale yana floraidi nyingi, tena yana soda nyingi, lakini chokaa ni haba. Hapo ndipo penye fumbo lote. Penye chokaa nyingi, floraidi hushikamana nayo, ikawa jiwe, na kubaki chini ardhini. Penye chokaa haba, floraidi haina wa kuishika. Hubaki huru ndani ya maji, ikaja nayo hata chemchemini, na kutoka chemchemini hata bombani, na kutoka bombani hata kikombeni.

Basi mwaona wenyewe. Upungufu ule ule wa chokaa unaoifurahisha sabuni ndio unaoiacha floraidi ipite. Mama wa Meru hushangilia povu, naye hajui ya kuwa povu lile ni dalili ya kukosekana kwa mlinzi. Wala hatusemi ya kuwa maji laini yote ni mabaya. Maji ya mvua ndiyo laini kuliko yote, nayo hayana floraidi ya kuogopwa. Twasema tu ya kuwa povu si shahidi wa kuaminiwa.

Tena si Meru peke yake. Bonde la Ufa lote, tangu Ethiopia, kupita Naivasha na Nakuru na Baringo katika Kenya, hata kaskazini mwa Tanzania, lina maji mengi ya namna hii. Kadhalika sehemu za Singida na Shinyanga. Wala si kila chemchemi ya nchi hizo iliyo mbaya. Huenda katika kijiji kimoja chemchemi mbili zatoka karibu karibu, moja njema na moja yenye madhara, na macho yasiweze kuzipambanua.

SIRI ILIVYOFUNULIWA

Mwaka 1901 tabibu wa meno aitwaye Frederick McKay alikwenda kufanya kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Akashangaa kuona ya kuwa wengi waliozaliwa pale wana meno yenye madoa ya hudhurungi. Alipouliza sababu, wengine walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi. Wengine walisema ni maziwa mabaya. Na wengine waliyashitaki maji yenye chokaa. Hivyo hata huko asiye na kosa alishitakiwa.

McKay hakuridhika. Mwaka 1923 alikwenda katika mji mdogo wa Oakley, katika Idaho. Wazazi wa pale walimweleza ya kuwa madoa yalianza kuonekana katika meno ya watoto wao baada ya mji kutandaza bomba jipya kutoka chemchemi ya maji ya moto. Aliyachunguza maji asione kitu. Hata hivyo aliwashauri waiache chemchemi ile na kuchukua maji mahali pengine. Wakamsikia. Baada ya miaka michache meno mapya ya watoto wadogo yakatoka meupe, lakini wale wakubwa walibaki na madoa yao.

Neno lenyewe lilijulikana mwaka 1931, wakati mkemia H. V. Churchill alipoyapima kwa chombo cha kisasa maji ya mji wa Bauxite, katika Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa yale yale. Akakuta floraidi nyingi. McKay alikuwa ametafuta kwa miaka 30.

Wazazi wa Oakley walitufundisha jambo moja kubwa. Bomba laweza kuleta baraka, na bomba hilo hilo laweza kuleta madhara. Bomba lenyewe halina kosa. La kuchunguzwa ni chemchemi iliyo mwanzo wake.

MENO NA MIFUPA YA WATOTO

Jino la mtoto huumbwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijaonekana. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka ile, tangu kuzaliwa hata kama umri wa miaka 8, jino hutoka na alama: kwanza mistari meupe kama chaki, kisha manjano, kisha hudhurungi, na likizidi hutoboka vishimo. Alama hii haiondoki kwa mswaki. Wako vijana wasuguao meno yao kwa mchanga au kwa kipande cha tofali, wakidhani ni uchafu. Hao hulikwangua jino na kuliharibu zaidi. Jino likiisha kutoka na madoa, maji mema hayawezi kulirudisha. Kwa hiyo kazi yote ni ya kabla, wala si ya baada.

Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi hapo, madoa ya meno huongezeka. Ikifika 3 hata 6, na mtu akayanywa kwa miaka mingi, huenda mifupa ikaanza kudhurika: mgongo na viungo vyauma na kukakamaa. Ikizidi 10, yaweza kumlemaza mtu. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hata miligramu 4, kwa sababu katika sehemu nyingine maji yaliyo bora hayakupatikana. Katika mwaka 2018 kipimo kilishushwa kuwa 1.5.

Walakini tusiiogope floraidi kupita kiasi. Ikiwa kidogo huyatia meno nguvu yasioze, nayo hutiwa katika dawa za meno kwa sababu hiyo. Ni kama chumvi: kidogo chafaa chakula, na nyingi huharibu.

Sasa twataka kusema neno moja ambalo laugusa moyo wetu. Katika vijiji vyenye maji haya wako watoto wafunikao kinywa kwa mkono wanapocheka, na wasichana wakataao kuimba mstari wa mbele katika kwaya. Wako pia watoto ambao miguu yao imepinda. Na wako watu wasemao, hata miongoni mwetu Wakristo, ya kuwa nyumba ile imelaaniwa, au mama yake alikosa, au jirani amewaroga. Ndugu zetu, mwakumbuka habari ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana. Wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na Bwana wetu akawajibu ya kuwa si huyu wala si hao. Basi atakayemnyoshea kidole mtoto mwenye meno ya hudhurungi na aikumbuke sura ile. Mtoto huyo alikunywa maji aliyopewa na watu wampendao. Tena miguu kupinda kuna sababu nyingine, kama vile mwili kukosa mwanga wa jua au chakula cha kujenga mifupa. Kwa hiyo mtoto na apelekwe hospitali mapema, achunguzwe na tabibu, wala asifichwe nyumbani kwa aibu.

HABARI YA KUCHEMSHA

Tangu zamani tumewafundisha kuchemsha maji, wala leo hatuligeuzi neno hilo. Maji yakichemka kwa nguvu kwa dakika 1, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo na vya kuhara hufa; na katika nchi za juu sana, kupita meta 2,000, yachemke dakika 3. Mtoto aweza kufa kwa kuhara katika siku chache, bali floraidi huharibu kwa miaka. Kwa hiyo mtu asiseme, "Maji yetu ni ya floraidi, kuchemsha kwafaa nini?" Kwafaa sana kwa vijidudu.

Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi, kwaizidisha. Hebu tufanye hesabu. Sufuria ina lita 5, na kila lita ina miligramu 3 za floraidi; jumla ni miligramu 15. Mama akachemsha mpaka lita 1 ikapanda kuwa mvuke. Mvuke ni maji matupu. Floraidi yote imebaki. Miligramu 15 katika lita 4 ni 3.75 kwa kila lita. Kwa hiyo yachemshwe kadiri ya haja, yaepuliwe, wala yasiachwe motoni yakikauka.

Kadhalika dawa ya klorini yaua vijidudu, lakini haigusi floraidi. Kitambaa cha kuchujia huzuia takataka tu. Chujio la udongo na mkaa wa miti ni vyema kwa kazi zake, lakini floraidi hupita humo. Kila ubaya wa maji una dawa yake, na dawa ya huu si dawa ya ule. Asiyelijua neno hili huchoka bure, akidhani amekwisha kuwalinda watoto wake.

YATUPASAYO KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, tujue maji yetu. Yule mwenye bilula na aulize mamlaka ya maji ya mahali pake: maji haya yatoka wapi, na floraidi yake ni kiasi gani? Yule mwenye kisima au chemchemi na aende ofisi ya maji ya wilaya, aombe yapimwe katika maabara. Kuuliza si utovu wa adabu; mnunuzi wa nyama huuliza nyama ya lini.

Pili, tutenge maji. Maji ya kufua, na ya kuoga, na ya kumwagilia bustani, yaweza kuwa yo yote yaliyo safi, maana floraidi haiingii kwa ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Lakini maji ya kunywa na ya kupikia, hasa uji wa watoto, yawe mbali, katika chombo chake chenye kifuniko. Hivyo mzigo wapungua sana: nyumba ya watu 5 yahitaji kama lita 25 tu kwa siku kwa kunywa na kupika.

Tatu, tukinge mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Basi bati la meta za mraba 40, mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 32,000. Na tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zabaki 25,600. Kwa siku 120 za kiangazi nyumba ile yahitaji lita 3,000. Tangi la kiasi hicho, likijaa mwisho wa masika, lawatosha. Mvua ya kwanza iachwe imwagike, kwa kuwa huosha mavumbi na mavi ya ndege juu ya paa. Tangi lifunikwe vizuri, mbu wasizae humo. Na maji ya kunywa yachemshwe kwanza. Ambaye hana tangi kubwa na achanganye: maji ya bomba yenye miligramu 3, yakitiwa kiasi sawa cha maji ya mvua, hushuka kuwa 1.5.

Nne, akina mama wanyonyeshe. Hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, maziwa yake huwa na kidogo mno. Mungu amemwekea mtoto chujio kifuani mwa mama yake. Miezi 6 ya kwanza maziwa hayo peke yake yatosha. Kisha uji upikwe kwa maji ya mvua au maji yaliyopimwa.

Tano, tuangalie magadi. Nyumba nyingi za kaskazini hutia magadi katika makande na maharage ili yaive upesi. Magadi mengi ya nchi zile yana floraidi, nyingine nyingi sana, hata kijiji chenye maji mema chaweza kuwa na watoto wenye madoa kwa sababu ya chungu cha makande. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila magadi. Majani ya chai nayo yana floraidi. Kwa hiyo chai nzito si kinywaji cha watoto wachanga. Na mtoto mdogo apigapo mswaki, dawa iwe kidogo sana, naye afundishwe kuitema.

Sita, liko chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru kwa joto kali pasipo hewa nyingi, kisha husagwa na kutiwa katika ndoo au tangi. Maji yakipita polepole, mfupa ule huishika floraidi. Ndivyo afanyavyo mfupa wa mtoto. Sasa mfupa wa ng'ombe hufanya kazi hiyo mahali pake. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeishughulikia njia hii kwa miaka mingi, na Jimbo Katoliki la Nakuru katika Kenya limefanya vivyo hivyo tangu mwaka 1998. Tena mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga, Mtanzania wa chuo cha Nelson Mandela cha Arusha, alipata tuzo ya Afrika ya uhandisi kwa chujio alilolibuni. Walakini mtu asichome mifupa jikoni kwake akadhani amepata dawa. Isipochomwa ipasavyo, maji hunuka na kugeuka rangi. Na mwenye chujio akumbuke ya kuwa mkaa ule huchoka baada ya miezi, hauna budi kubadilishwa, nao ukichoka hautoi dalili yo yote ya kuonekana. Kwa hiyo kupima ni lazima tena.

NENO KWA WALIMU

Ndugu walimu, somo hili lafaa sana darasani, wala halina gharama. Twaeni chupa tatu. Ya kwanza itieni maji ya mvua, ya pili maji ya bomba, ya tatu maji ya kisima, kila moja nusu. Tieni matone matano ya sabuni ya maji katika kila chupa, mtikise kwa hesabu ya 20, mziweke mezani. Watoto watazame povu liko wapi, na utando uko wapi, waandike. Ndipo muwaulize: "Je, twaweza kusema sasa ni chupa ipi iliyo salama?" Wengi watainyosha chupa yenye povu. Hapo mwalimu awaeleze habari za mama wa Unguja na mama wa Meru. Mtoto aliyeona kwa macho yake ya kuwa macho hayatoshi, hatasahau.

Kisha watoto wapime paa la shule na la kanisa, wafanye hesabu. Paa la meta za mraba 200 likinyeshewa milimita 20 kwa usiku mmoja, lita 4,000 zashuka. Je, zakwenda wapi? Katika makanisa yetu mengi zamwagika chini na kuchimba msingi, na asubuhi watoto wa Jumapili wanywa yale yale ya mferejini. Twawaomba wazee wa makanisa walifikiri neno hili katika baraza zao kabla ya masika. Mfereji wa bati na tangi moja ni sadaka isiyohitaji kengele.

Mwaikumbuka habari ya Yeriko, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 2. Wenyeji walimwambia nabii Elisha ya kuwa mji wao umekaa mahali pazuri, lakini maji yake ni mabaya. Hawakuona haya kusema hivyo juu ya mji wao. Wala Elisha hakwenda kwanza kwa wagonjwa; alikwenda kwenye chemchemi yenyewe, mahali maji yatokapo. Na sisi nasi twafaa kufuata njia hiyo. Nchi ya Meru ni nzuri, na Bonde la Ufa ni zuri, na maji yake yapendeza macho. Lakini yule anayempa mmoja wa wadogo hawa kikombe cha maji, ambaye Bwana aliahidi ya kuwa hatapoteza thawabu yake, na ajue kwanza ni maji gani yaliyomo kikombeni.

Mungu azibariki nyumba zenu.